Sanaa Iingie Wodini



Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, sherehe hazikosi ngoma na ngonjera. Wasanii hutumbuiza, mgeni rasmi hupiga makofi, maturubai hukunjwa. Kesho yake, katika wodi nyingi, mambo ni yale yale: dawa asubuhi, dawa jioni, na katikati saa tele za kukaa bure. Hoja ya toleo hili ni kwamba sanaa tumeiweka mahali pasipo pake. Itolewe jukwaani, iingizwe kwenye matibabu, ifanye kazi bega kwa bega na dawa na ushauri nasaha.

Wazee wa pwani hawakuhitaji kuambiwa haya. Aliyesemekana kupandwa na pepo aliitiwa fundi, ikapigwa ngoma ya kupunga, na jamaa wakakesha naye wakiitikia. Uamini pepo usiamini, mgonjwa yule hakufungiwa chumbani peke yake, na fundi mwenyewe alikuwa amefundwa kazi yake.

Huko Brazili, daktari Nise da Silveira alikataa kuwapitishia wagonjwa umeme kichwani. Mwaka 1946, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, alifungua karakana ya uchoraji. Wagonjwa waliozoea kushikishwa mafagio wakapewa brashi na rangi. Hakuwa akisaka vipaji. Alitaka kuyaona yale ambayo mgonjwa alishindwa kuyatamka. Picha zikawa nyingi kiasi kwamba mwaka 1952 zilifunguliwa makumbusho yake humo humo hospitalini.

Anayetaka ushahidi wa kitabibu naye asikie. Mwaka 2018 watafiti wa London walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Kwa wiki 10, kundi moja lilikutana kuimba, kila mama na mtoto wake, wakijifunza nyimbo na kutunga nyingine kuhusu ulezi. Kundi la pili lilifanya michezo ya ubunifu, la tatu likabaki na huduma za kawaida. Miongoni mwa waliolemewa zaidi, walioimba walipata nafuu upesi kuliko wa huduma za kawaida. Nyimbo za kubembeleza watoto sisi tunazo tele. Kliniki zetu za mama na mtoto zinachokosa ni mtu aliyepewa jukumu la kuwakalisha akina mama pamoja waziimbe.

Hata hivyo, tusiuze sanaa kama dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2012 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 417 wenye skizofrenia. Baada ya miezi 24, waliopangiwa vikundi vya tiba ya uchoraji hawakuwa na nafuu kuliko wenzao, na wengi wao hawakuhudhuria ipasavyo. Kwa hiyo lazima tuulize: ni ugonjwa gani, sanaa ipi, na mgonjwa mwenyewe anaitaka? Anayemshauri mgonjwa aache vidonge ashike brashi anamponza.

Ndiyo maana kazi hii inahitaji watu waliosomea. Uingereza iliwaweka wataalamu wa tiba kwa sanaa chini ya usajili wa kisheria mwaka 1997. Vyuo vyetu vinafundisha uuguzi na saikolojia, vingine sanaa za maonyesho na muziki. Ni mara chache wanafunzi hao hukutanishwa darasa moja. Tuanzie hapo.

Waganga wakuu, tunawaomba muitengee sanaa saa katika ratiba ya wodi na fungu katika bajeti. Wasanii, jifunzeni kutunza siri ya mgonjwa kabla ya kumfundisha wimbo. Nawe msomaji, ukiwa na ndugu anayeumwa, mpeleke hospitali, simamia dawa zake, kisha muulize daktari ni nini kingine mgonjwa wako anaweza kufanya kwa mikono na sauti yake.