Chuma hakiulizi kitambulisho

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mteja mmoja ambaye kila Ijumaa jioni hukumbuka jambo jipya analolitaka. Sasa nimepumua kidogo.

Najua wengi wenu hupita hapa kusoma mambo ya Python, Linux na hifadhidata. Leo nataka kuzungumzia kunyanyua vyuma, na watu waliobadili jinsia, au transijenda kama wengi wanavyowaita. Msiondoke bado. Hifadhidata imo, tena ndiyo iliyoanzisha kisa chote.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usije ukadhani nimekuzungusha. Naamini kunyanyua vyuma ni mojawapo ya njia rahisi na za uhakika za mtu aliyebadili jinsia kujijengea kujiamini. Naamini pia kwamba sisi tunaoandika programu, pamoja na wenye jimu, mara nyingi ndio tunaomfungia mlango, na hatujui.

Kosa langu

Miaka miwili iliyopita jimu moja hapa Nyeri mjini ilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kusajili wanachama. Kazi ndogo. Mtu anajaza fomu kwa simu, analipa kwa M-Pesa, akifika mlangoni anataja nambari yake na jina linatokea kwenye skrini. Nilimaliza kwa siku nne. Katika jedwali la wanachama niliweka safu ya jinsia, herufi moja tu, M au K, na ni lazima ijazwe. Mwenye jimu hakuniomba niiweke. Niliiweka kwa sababu kila fomu niliyowahi kuiona tangu darasa la kwanza inayo.

Nina rafiki tuliyesoma naye chuo kikuu. Alizaliwa akahesabiwa msichana, na leo anaishi kama mwanamume. Ana ndevu na sauti nzito, na mfukoni ana kitambulisho chenye jina la msichana. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.) Mimi ndiye niliyemshawishi aje jimu. Nilimwambia mfumo ni wangu, usiwe na wasiwasi.

Alikuja Jumamosi asubuhi, wakati watu wamejaa. Fomu yangu ilikuwa imeandika "jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho", naye alikuwa ametii. Mhudumu akaingiza nambari, jina likatokea, akalisoma kwa sauti kama anavyolisoma la kila mtu. Akamtazama. Akalisoma tena. Watu wawili waliokuwa kwenye baiskeli za mazoezi wakageuka kuangalia. Rafiki yangu akasema amesahau pochi kwenye matatu, akatoka. Siku hiyo hakurudi.

Mhudumu hakuwa na nia mbaya. Programu nayo haikuwa na hitilafu yoyote, ilifanya kile nilichoiambia ifanye. Ukitafuta wa kulaumu, ni mimi.

Tukaanza na saruji

Nilimwomba msamaha, akasema yashapita, ingawa nilijua hayajapita. Tukakubaliana tufanye mazoezi nyuma ya nyumba ninayopanga kule King'ong'o. Chuma chetu cha kwanza kilikuwa bomba la maji na mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji, kama ile unayoiona katika kila kijiji chenye vijana. Baadaye fundi wa jua kali akatuchomelea giya kuukuu za lori, tukazipima kwa mizani ya muuza viazi na kuziandika uzito kwa chokaa. Tulianza Julai. Mnaojua Nyeri ya Julai, ile baridi na manyunyu ya asubuhi, mnajua bomba la chuma linavyouma viganja.

Ratiba ilikuwa rahisi: mara tatu kwa wiki, kuchuchumaa na chuma mabegani, kuinua chuma kutoka chini, kusukuma juu ya kichwa. Kila wiki tunaongeza kidogo. Mimi, kwa ugonjwa wangu wa kazi, niliandika kila kitu kwenye lahajedwali. Wiki ya kwanza aliinua kilo 30 kutoka chini, akiwa na koti zito, kwa sababu hakutaka mtu yeyote, hata mimi, aone umbo lake. Mwezi wa tatu koti lilikuwa limetundikwa kwenye kamba ya nguo. Mwezi wa saba aliinua kilo 85.

Lakini lililonishangaza halimo kwenye lahajedwali. Nilimzoea rafiki yangu akitembea ameinama, mabega mbele, kama mtu anayejificha mvua. Kabla ya kuingia ofisi yoyote inayodai kitambulisho alikuwa halali usiku. Mwezi wa tano alikwenda ofisi moja, karani akaangalia kadi, akaangalia uso, akaanza yale maswali. Zamani angeondoka na kisingizio cha pochi. Safari hii alieleza mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akasimama pale pale mpaka akahudumiwa. Aliniambia, "Ndugu yangu, nilijiuliza tu, huyu karani ana uzito gani kuliko kile chuma?"

Kwa nini inafanya kazi

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza. Alisema chanzo chake kikubwa ni kufanya jambo gumu mwenyewe na kulifaulu. Kusifiwa na kutiwa moyo husaidia, lakini kidogo. Sasa fikiria mtu ambaye kwa miaka mingi kila anayemtazama ana maoni kuhusu mwili wake. Sifa hatazisadiki, maana amesikia matusi mengi kuliko sifa. Kilo 40 hazina maoni. Ni kama majaribio tunayoyaandikia programu zetu: inapita au inakwama, na ikikwama leo unarekebisha na kujaribu tena kesho.

Jambo la pili ni kwamba matokeo huja mapema. Katika wiki za kwanza nguvu huongezeka haraka hata kabla misuli haijakua, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli mingi zaidi kwa pamoja. Kwa hiyo anayeanza huona namba zikipanda ndani ya mwezi mmoja. Ni vitu vichache maishani vinavyolipa haraka namna hiyo.

Tatu, kuna ushahidi wa afya ya akili. Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 33, na ukaonyesha kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona. Uchambuzi huo ulihusu watu kwa jumla, si transijenda peke yao, kwa hiyo siutumii kudai zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wote. Halikuweka safu ya M au K.

Kuna mambo machache ya kujua ikiwa unamhusu mtu huyu. Mwanamume transijenda anayetumia testosteroni chini ya uangalizi wa daktari ataona misuli ikiongezeka. Mwanamke transijenda anayetumia estrojeni, na testosteroni yake imeshushwa, misuli yake itapungua polepole. Asiogope basi kwamba vyuma vitamrudisha katika umbo analolikimbia. Anaweza kuelekeza nguvu kwenye miguu na makalio, na mifupa yake itafaidika. Anayejifunga kifua kwa kitambaa cha kubana asifanye mazoezi nacho, maana kinazuia pumzi na kinaweza kuumiza mbavu. Na homoni za kununua vichochoroni, tafadhali, hapana.

Ukitaka mfano wa mbali, Mmarekani Janae Kroc aliweka rekodi ya dunia ya kunyanyua uzito mwaka 2009, wakati dunia ikimjua kama mwanamume, na mwaka 2015 akajulikana hadharani kuwa ni transijenda. Jina lilibadilika, lakini mazoezi hakuyaacha.

Na sisi wa mlimani?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kuletwa. Kunyanyua mzigo hakukuletwa na mtu. Nyanya yangu alibeba kuni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, akipanda mlima, na wanawake wa Othaya wanabeba majani chai mgongoni mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba nguvu zao ni za kiume. Ila mwanamke wa Nyeri akiwa na nguvu, nchi nzima inamtungia utani wa kupiga waume. Sisi wenyewe tunacheka, na kumbe utani huo ni ule ule: mwili wako haufanani na fomu yetu.

Nani analijua hili kuliko Margaret Nyairera Wambui, mwanariadha wa kaunti yetu? Alishinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio 2016. Kisha sheria za kiwango cha testosteroni zilizoanza kutumika Mei 2019 zikamzuia kukimbia mbio zake. Wambui si transijenda, na tusichanganye mambo. Lakini alivyojadiliwa mwili wake na watu wasiomjua, ndivyo wanavyojadiliwa transijenda kila siku sokoni na kwenye matatu.

Na transijenda pia si wageni hapa. Audrey Mbugua, aliyesoma Shule ya Upili ya Mang'u karibu na Thika, alilishtaki Baraza la Mitihani la Kenya ili jina lake libadilishwe kwenye cheti cha KCSE. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamua apewe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Jaji aliona kwamba cheti hakihitaji alama hiyo, kwa kuwa alama za mtihani hazitegemei jinsia. Wanaprogramu wenzangu, isomeni hukumu hiyo. Ni somo la kubuni hifadhidata kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Na Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia mwanamke transijenda aliyedhalilishwa akiwa kizuizini, ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye.

Pingamizi moja la kweli

Rafiki mwingine alinisomea maneno haya kabla sijayachapisha akaniuliza, "Kwa hiyo mtu akionewa, unamwambia akanyanyue vyuma?" Swali zuri. Hapana. Misuli haizuii mawe ya umati, haibadilishi kitambulisho, na haichukui nafasi ya daktari wala wakili. Na transijenda asiyependa mazoezi hata kidogo anastahili heshima ile ile. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: wakati sheria inajikokota, mtu anahitaji mahali ambapo mwili wake si kesi. Chuma kinaweza kuwa mahali hapo. Lakini ni lazima kwanza afike kwenye chuma.

Tufanye nini?

Wenye jimu: wekeni angalau chumba kimoja cha kubadilishia nguo chenye mlango na kufuli. Katazeni kupigana picha bila ruhusa. Mkufunzi amuulize mgeni anataka kufikia nini, asimkisie kwa kumtazama.

Wanaprogramu:

1. Kabla ya kuweka safu, jiuliza ni swali gani la biashara linalojibiwa nayo. Yangu haikujibu lolote. Kwa mwaka mzima hakuna ripoti hata moja iliyoisoma.

2. Tenganisha jina la kisheria na jina la kuitwa. La kwanza, kama linahitajika kweli, lifichwe. La pili ndilo liende kwenye skrini ya mlangoni.

3. Someni Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Jinsia imo katika orodha ya data nyeti, na sheria inataka ukusanye kile tu unachokihitaji.

Nilirudi kwa mwenye jimu nikamweleza kwamba nataka kurekebisha mfumo bila malipo. Ni mzee wa makamo, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa. Nilijiandaa kwa mahubiri. Akaniuliza, "Kijana, hiyo safu ikitoka, pesa zitaendelea kuingia?" Nikamwambia, ndiyo mzee. "Basi itoe." Ilinichukua dakika 20, pamoja na kutengeneza nakala ya akiba.

Rafiki yangu hakwenda mara moja. Ilipita miezi miwili, nami sikumsukuma. Siku moja akaja, tena Jumamosi asubuhi, akataja nambari yake. Mhudumu akatazama skrini, akasoma jina, lile analojiita mwenyewe, akasema, "Karibu, vyuma viko kule nyuma." Hakuna aliyegeuka.

Siku hiyo aliinua kilo 90. Nimeziandika kwenye lahajedwali.