Istilahi Pekee Hazitoshi: Somo Kutoka Katalogi ya Kompyuta Kuu

Wapenzi wa Kiswahili vyuoni wamebishana kwa miaka mingi kuhusu jina la chombo kimoja. Wapo wanaoshikilia tarakilishi, wapo wanaotetea ngamizi, na wapo waliotosheka na kompyuta. Mimi nimo katika kundi la tatu, ingawa sioni ushindi wa kundi lolote utamfaidi vipi mtu anayetaka kujua chombo chenyewe hufanyaje kazi. Hoja yangu ni kuwa tumetumia nguvu nyingi mno kubuni nomino na kidogo mno kueleza, ilhali isimu tunayofundishwa imetupa zana za kueleza mambo ambayo wengi hudhani hayasemeki kwa lugha hii.

Nitatumia mfano mgumu makusudi. Kompyuta kuu za IBM zinazoendeshwa na mfumo wa z/OS huweka data kwenye diski na kwenye tepu. Katalogi yake haibebi data yenyewe. Hubeba majina ya mafaili na habari za mahali yalipo, yaani ni diski au tepu ipi. Programu inayotaka kuiuliza katalogi hiyo huweza kupitia kiolesura kiitwacho IGGCSI00. Hukipelekea parameta tatu: nafasi ya kurudishiwa taarifa za kosa, masharti ya utafutaji, na nafasi ya kuwekewa majibu.

Parameta ya pili ndiyo yenye utamu. Masharti yake hayaandikwi kwa sentensi, hupangwa kwa nafasi. Herufi 44 za kwanza ni jina linalotafutwa. Herufi 44 zinazofuata ni jina la katalogi, na 44 nyingine ni jina la kuanzia iwapo utafutaji ulikatizwa. Hufuatwa na herufi 16 za aina za vitu vinavyotafutwa, kisha hiari kadhaa za herufi mojamoja, na hatimaye idadi na majina ya habari anazozitaka muulizaji. Mfumo hulitambua kila sharti kwa mahali lilipokaa.

Mwanafunzi wa mofolojia amekwisha kukutana na jambo hili. Katika alikisoma, hakuna anayehitaji kuambiwa kuwa a- ni ya nafsi, -li- ni ya wakati na -ki- ni ya yambwa; mpangilio umeshasema. Tena, jina la katalogi likiachwa tupu, utupu huo una maana: mfumo ufuate utaratibu wake wa kawaida wa kuchagua katalogi ya kutazama. Hicho ni nini kama si kiambishi kapa? Tunapolinganisha chungwa na machungwa tunakubali kuwa kutokuwapo kwa kiambishi katika umoja ni habari kamili. (Mlingano huu una kikomo, nakiri. Kapa yetu haichukui nafasi kwenye karatasi, bali ile ya mashine lazima ijazwe nafasi tupu 44, la sivyo masharti yote yanayofuata yatasomwa mahali pasipo pake.)

Tazama pia alama za kutafutia majina. Jina la faili hugawanywa kwa nukta katika vipande visivyozidi herufi nane. Tuseme pana CHUO.ALAMA na CHUO.ALAMA.Y2007. Anayeuliza CHUO.* atapata la kwanza tu, maana nyota moja husimama katika kipande kimoja. Anayeuliza CHUO.** atapata yote mawili, kwa kuwa nyota mbili husimama badala ya vipande vyovyote, hata visipokuwapo. Alama ya asilimia nayo husimama badala ya herufi moja pekee. Anayejua tofauti ya fonimu, silabi na neno hatatatizika hapa.

Sasa nije kwenye kasoro ya tafsiri za neno kwa neno. Parameta ya tatu ikiitwa eneo la kazi, msomaji hawezi kujua kuwa ni chombo cha kupokelea majibu chenye ukubwa uliotajwa na muulizaji mwenyewe. Chombo kikijaa kabla majibu hayajaisha, mfumo huweka herufi Y katika mojawapo ya zile hiari, na programu inatakiwa kuita tena bila kugusa masharti. Asiyeitazama herufi hiyo hupata orodha pungufu akaidhani kamili. Akiitumia kuamua ni tepu zipi zifutwe au zihifadhiwe, hasara yake ni dhahiri. Hakuna nomino, hata iwe nzuri vipi, itakayomkinga. Kitakachomkinga ni aya mbili za Kiswahili sanifu.

Sidharau kazi ya istilahi. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu zake zilihitaji maneno. Katalogi niliyoieleza haina menyu ya kutafsiri. Majina ya masharti yake, kama vile CSIFILTK na CSICATNM, yaachwe yalivyo, na parameta ibaki parameta. Ningependa kozi zetu za tafsiri ziongeze zoezi moja: mwanafunzi apewe kurasa tano za mwongozo wa mashine, azieleze kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta aandike programu kwa kuyafuata maelezo hayo pekee. Alama zitolewe kulingana na majibu ambayo programu hiyo italeta.