Kabla ya Kumwita Mgonjwa Mtoro

Katika kliniki zetu lipo neno ambalo tumelizoea hata hatulisikii tena: mtoro. Mgonjwa asipofika tarehe aliyoandikiwa, jina lake huwekewa alama, na siku zikizidi kupita, neno hilo huingia kwenye faili. Mwanafunzi hutoroka shule na askari hutoroka kambini. Je, mama aliyekwisha kupata dozi mbili za tibakemikali kwa saratani ya titi, kisha akabaki kijijini kwake Chemba au Mpwapwa, ametoroka nini? Maoni yangu ni kwamba neno hili hutuficha sisi wahudumu kuliko linavyomweleza yeye. Kabla ya kulitumia, hatuna budi kuhesabu siku tulizomdai.

Mgonjwa anapoelezwa kuwa ana saratani, sisi hutarajia aulize kama atapona. Aghalabu huuliza hivyo, lakini anapotajiwa tiba ya mionzi, swali linalofuata huwa jingine: "Nitakaa huko siku ngapi?" Kwa miaka mingi, kwa watu wa Dodoma, "huko" kumekuwa ni Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, umbali wa kilomita takriban 450. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024 imepunguza saa za njiani, lakini haipunguzi siku za kukaa ugenini. Nyuma ya swali lile kuna shamba la mtama linalosubiri palizi, watoto wanaohitaji mtu wa kuwapikia, na ndugu wa mjini ambaye haijulikani atamvumilia mgeni kwa wiki ngapi.

Swali hilo si la pembeni. Ni swali la kitabibu, na wapo watafiti waliolichukua kwa uzito. Zamani mionzi ya titi baada ya upasuaji ilitolewa kwa dozi 25 katika wiki 5. Tafiti zikaonyesha kuwa dozi 15 katika wiki 3 zinatosha. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward, ulioshirikisha wagonjwa zaidi ya 4,000, ukilinganisha wiki hizo 3 na dozi 5 tu ndani ya wiki 1. Baada ya miaka 5 ya ufuatiliaji, wiki moja haikuonekana kuwa duni katika kuzuia ugonjwa usirudi titini. Hapakuvumbuliwa dawa mpya. Kilichofanyika ni kumrudishia mgonjwa wiki mbili za maisha yake. Na kwa anayelala kwa jamaa, wiki mbili hizo zaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kumaliza tiba na kuiacha njiani.

Hata hivyo, si kila ufupisho ni halali. Kuhusu trastuzumabu, dawa ya aina fulani ya saratani ya matiti, utafiti mmoja wa Uingereza ulionyesha kuwa miezi 6 inakaribiana na miezi 12, ilhali utafiti wa Ufaransa wenye swali lilelile haukuweza kuthibitisha hivyo. Kwa vidonge vya tamoksifeni mambo ni kinyume kabisa: kwa wanawake ambao saratani yao ina vipokezi vya homoni, utafiti mkubwa wa kimataifa ulionyesha kuwa miaka 10 hukinga zaidi ya miaka 5. Kwa hiyo mgonjwa asijipunguzie dozi kwa kuwa amesikia kwamba tiba fupi inatosha. Urefu wa tiba hupimwa kwa utafiti, kisha huamuliwa na daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Mhudumu mwenzangu ataniambia: tafiti hizo ni za wenzetu wanaogundua ugonjwa mapema. Ana haki. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wanawake wa Tanzania hugunduliwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya 3 au ya 4. Wengi wao hawawezi kutibiwa kwa mionzi ya wiki moja pekee. Lakini hoja hii haitupi ruhusa ya kukunja mikono. Inatuonyesha kuwa hesabu ya siku lazima ianzie mbali zaidi, pale mama anapogusa kivimbe kwa mara ya kwanza.

Hapo tunao wa kujifunza kwao. Mjini Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono, kila baada ya miaka 2, na wahudumu wa afya wa ngazi ya msingi waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa uligunduliwa katika hatua za chini zaidi. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika kwa wanawake wote kwa jumla, ila kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Chombo kilichotumika kipo katika kila zahanati ya Kondoa na Kongwa: mikono ya muuguzi aliyefunzwa.

Karibu nasi zaidi, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 5 za Afrika zilizoshiriki utafiti wa ABC-DO, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti. Katika miaka 3 baada ya kugunduliwa, takriban nusu yao walikuwa wamefariki. Takwimu hiyo yaumiza. Lakini namna walivyofuatiliwa yatufunza jambo: watafiti waliwapigia wagonjwa au jamaa zao simu kila baada ya miezi 3. Mgonjwa aliyepigiwa simu hawezi kuitwa mtoro, kwa sababu sababu yake inajulikana. Huenda mto umejaa maji, nauli imekosekana, mume amekataa, au kutapika baada ya dozi ya kwanza kumemtia hofu naye hakuelezwa kuwa zipo dawa za kukuzuia.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani ya matiti wenye malengo matatu: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya 1 au ya 2, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize tiba waliyopangiwa. Mawili kati ya hayo hayapimwi kwa mashine. Hupimwa kwa kalamu na daftari.

Pendekezo langu kwa vyuo na hospitali za kanda hii ya kati ni dogo, na linaweza kuanza bila ufadhili mkubwa. Kila mgonjwa wa saratani ya titi aandikiwe tarehe 5: aliyofika kituoni mara ya kwanza, aliyochukuliwa kinyama, aliyopewa majibu, aliyoanza tiba, na aliyomaliza. Asipofika, apigiwe simu ndani ya wiki hiyo, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja tutajua ni wapi siku zinapotea: je, ni kijijini, maabara, au katika foleni ya rufaa? Tutajua pia kama wanaokosa dozi huongezeka msimu wa kilimo, na kama ratiba zetu zaweza kuupisha msimu huo bila kuidhuru tiba. Huo ni utafiti kamili, wenye kuhitaji kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa kama utafiti mwingine wowote.

Nawe mgonjwa unayesoma haya, usione haya kuuliza. Uliza saratani yako ni ya aina gani, safari ni ngapi, na majibu yatatoka lini. Tunza karatasi zako zote mahali pamoja. Ukiona hutaweza kufika, toa taarifa mapema, maana tarehe yaweza kupangwa upya. Ukiombwa kushiriki utafiti, una haki ya kukataa bila kupoteza tiba yako. Na ukikubali, una haki ya kuambiwa kilichopatikana.

Nasi wahudumu, tulifute neno lile kwenye mafaili yetu. Mahali pake tuandike sababu iliyomzuia mgonjwa. Na pale tusipoijua, tuandike kwamba bado hatujamuuliza.