CHEKECHEA NI HAKI YA MTOTO, SI ZAWADI YA MTAWALA

Ndugu wananchi wa Mwanda, wa Mgange na wa Taita Taveta kwa jumla,

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee nchini, kilifutwa Desemba 1991. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu ya kushangilia. Tulidai vyama vingi ili mwananchi akome kupiga magoti kuomba kilicho chake. Leo tunaupima ushindi huo kwa kipimo kidogo kuliko vyote: mtoto wa miaka minne anayepanda na kushuka vilima vya Mwanda, ukungu wa asubuhi haujatawanyika, akienda chekechea. Tunauliza: mtoto huyo anaingia darasani kwa haki yake, au kwa hisani ya mkubwa fulani?

Tukumbuke tulikotoka. Chekechea za nchi hii zilijengwa na wazazi. Baada ya Uhuru wa 1963, kwa mwito wa Harambee, walitoa viwanja, mawe, mabati na hata ujira wa mwalimu. Mwaka 1980 jukumu la elimu hiyo likahamishiwa Wizara ya Elimu, lakini mzigo wa mshahara ukabaki begani mwa mzazi. Mwaka 2003 serikali ikafuta ada katika shule za msingi na kuiacha chekechea nje. Wazazi wengi wakapiga hesabu rahisi: kwa nini tulipie chekechea ilhali darasa la kwanza ni bure? Wakawaweka watoto nyumbani. Hivyo mtoto wa maskini akaanza darasa la kwanza akiwa ameachwa nyuma na mwenzake aliyelipiwa. Mlango mkubwa ulifunguliwa, mdogo ukafungwa, na aliyezuiwa ni yule yule asiye na mtetezi.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa kisingizio. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Jedwali la Nne limekabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, huku serikali ya kitaifa ikibaki na sera, viwango na mtaala. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Tangu hapo, hakuna gavana wala mwakilishi wa wadi, wa chama chochote kile, anayeweza kusema kwamba jambo hili si lake.

Ni nani basi anayestahili kuingia chekechea ya umma? Jibu ni fupi: mtoto aliyefikisha umri. Mtaala wa sasa umetenga miaka miwili ya chekechea kwa watoto wa miaka minne na mitano. Sheria haiulizi mzazi alimpigia nani kura, wala ukoo wake ni upi, wala mfukoni ana nini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Michango mingine ikiruhusiwa, sheria hiyo hiyo yasema mtoto asinyimwe masomo kwa kushindwa kuilipa, na kila kinachopokewa kitolewe risiti rasmi. Kifungu cha 34 kinakataza kumtahini mtoto ili akubaliwe au akataliwe. Mtihani unaruhusiwa tu kwa kumpangia darasa linalomfaa.

Mzazi akiambiwa amrudishe mtoto nyumbani kwa ajili ya pesa za uji, na ajue kwamba anayemwambia hivyo hana sheria mkononi. Akidaiwa cheti cha kuzaliwa ambacho hana, na ajue kwamba jina na uraia tangu kuzaliwa ni haki ya mtoto kwa kifungu kile kile cha 53. Kazi ya serikali ni kumsaidia kukipata huku mtoto akiendelea kusoma. Kumfungia lango asiye na cheti ni kumwadhibu mtoto kwa uzembe wa watu wazima.

Tugeukie uendeshaji. Chekechea nyingi za umma zimo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na hapo serikali mbili hukutana. Mwalimu mkuu ameajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu; mwalimu wa chekechea, aliyesajiliwa na Tume hiyo hiyo, huajiriwa na kaunti. Paa likivuja, huyu humnyoshea kidole yule. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi zetu ni watoto wasiofika kimo cha dawati.

Mwalimu naye tusimsahau. Palipo na ajira ya mkataba mfupi unaohuishwa kwa matakwa ya wakubwa, mwalimu ni mateka. Atathubutuje kusema darasa halina vitabu, ilhali mkate wake umo mkononi mwa yule anayemlalamikia? Enzi ya chama kimoja ilituonyesha jinsi kadi ya chama ilivyogeuzwa kuwa fimbo ya kumtiisha mwananchi. Mkataba usio na uhakika unaweza kuwa kadi hiyo hiyo kwa jina jipya.

Wala tusidanganywe na majengo. Darasa lililopakwa rangi na kufunguliwa kwa utepe na hotuba, likakosa mwalimu, ni jiwe la ukumbusho wa kampeni. Mwaka 2019 gavana na Bunge la Kaunti yetu walizozana juu ya bajeti na fedha za miradi ya wadi, hata gavana akaanza kukusanya saini za kutaka kaunti ivunjwe. Hatumhukumu mtu hapa. Twasema tu kwamba wakubwa wanapogombania chungu, wa kwanza kulala njaa ni mdogo asiyepiga kura.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, kaunti itangaze, wadi kwa wadi, idadi ya chekechea za umma, walimu na watoto, pamoja na fedha zilizotengwa na zilizotumika, na orodha hiyo ibandikwe penye macho ya watu. Pili, walimu waajiriwe kwa ushindani wa wazi kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa masharti ya kudumu. Tatu, madarasa mapya yapangwe kwa kufuata umbali anaotembea mtoto, na si idadi ya kura za kijiji. Nne, lango la kila chekechea liwe na tangazo la Kiswahili likisema ni nani anayestahili na kwamba hapatozwi ada ya masomo.

Nyenzo tunazo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kuwasilisha malalamiko. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na ni lazima wananchi washirikishwe. Siku hiyo tusikae nyumbani kisha tukalalamika sokoni.

Wazazi wa Mwanda, andikeni barua moja, mtie saini wengi, mbaki na nakala yenye mhuri. Waliotutangulia walidai haki kwa hofu ya kizuizini. Sisi tunayo sheria upande wetu. Tukinyamaza, watoto wetu watatuuliza tuliogopa nini.