Mtihani wa kufikiri nao hutaka matayarisho

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, magazeti hupambwa kwa picha za watahiniwa walioinuliwa mabegani na jamaa zao. Shangwe zikiisha hubaki swali zito: karo ya chuo kikuu itatoka wapi? Miongoni mwa waliopata gredi ya A wapo wanaoelekeza macho yao Marekani, ambako baadhi ya vyuo vyenye utajiri mkubwa huwalipia wageni wasiojiweza karo, chakula na malazi. Aghalabu hapo ndipo wanapokutana kwa mara ya kwanza na mtihani wa SAT, unaopima usomaji, kufikiri na hisabati. Na hapo ndipo vijana wetu hodari hupigwa na butwaa.

Katika majilisi ya walimu husikika kauli kwamba mtihani wa namna hii hauna matayarisho. Kwamba akili ya kufikiri ama unayo ama huna. Kauli hiyo si ya jana. SAT ulipofanywa mara ya kwanza mwaka wa 1926, jina lake lenyewe lilidai kuwa unapima kipawa, na kwa miaka mingi wenyewe walishikilia kwamba kumfunza mtahiniwa hakuwezi kumwongezea alama za maana. Lakini tangu miaka ya 1940 mwalimu mmoja wa Brooklyn, Stanley Kaplan, alikuwa akiwafunza wanafunzi nyumbani kwake, na biashara yake ikanawiri hata ikaenea nchi nzima. Hatimaye, mwaka wa 2015, College Board, yaani shirika lenye mtihani huo, liliungana na Khan Academy kutoa mafunzo ya bure kwa yeyote mwenye kuyataka. Je, mtu hutoa dawa ya ugonjwa anaodai hautibiki?

Hapa kwetu ushahidi upo. Mwaka wa 2004 mwanahabari wa Marekani, John Manners, alishirikiana na Mike Boit, yule mwanariadha aliyenyakua nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka wa 1972, wakaanzisha mpango wa KenSAP wa kuwatayarisha wanafunzi hodari kutoka jamii zisizojiweza kwa mtihani wa SAT na maombi ya vyuo. Mafunzo yao yalifanyiwa Iten, mji ambao kila Mkenya anaujua kwa wakimbiaji wake. Wanafunzi wa mpango huo wameingia vyuo vya fahari kubwa, Harvard na Yale vikiwamo. Hakuna mtu Iten anayeamini kwamba mkimbiaji hupelekwa mashindanoni bila mazoezi ati kwa sababu ana kipawa.

Basi matayarisho ni nini? Si kukariri. Mwanafunzi wetu amelelewa na mtihani unaomtuza kwa hatua anazoonyesha. Katika KCSE kila karatasi ya hisabati huchukua saa mbili na nusu, na aliyekosea jibu la mwisho huenda akapata alama kwa kazi aliyoifanya. Utaratibu huo una manufaa yake, nami singependa uondolewe. Katika SAT maswali ya hisabati ni 44 kwa dakika 70, na hakuna anayeitazama njia uliyopita. Kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho, jambo linaloonyesha kuwa kuhesabu kwenyewe si shida kuu inayopimwa.

Tuchukue mfano. Matatu ilitoka Nakuru hadi Nairobi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ikarudi kwa njia ile ile kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wake katika safari nzima ni upi? Aliyezoea kukariri atajumlisha 60 na 40, agawanye kwa mbili, apate 50. Naye mtungaji wa swali, ambaye si mtu wa kuchezewa, atakuwa ameshaiweka 50 miongoni mwa majibu manne. Mwingine atalalamika kwamba umbali haukutajwa, hivyo swali lina kasoro. Mwenye kufikiri atatulia kidogo. Atatambua kwamba matatu ilikawia zaidi njiani wakati wa kurudi, hivyo wastani lazima uelemee upande wa 40; kabla ya kukokotoa lolote, 50 imekwisha kuanguka. Kisha atabuni umbali unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120. Kwenda ni saa mbili, kurudi ni saa tatu. Kilomita 240 kwa saa tano ni 48. Akiwa na shaka ajaribu kilomita 240 badala ya 120, na jibu litakuwa lile lile.

Hesabu hiyo haikuhitaji lolote lisilofundishwa katika shule ya msingi. Kilichohitajika ni tabia ya kuuliza swali linataka nini kabla ya kulivamia, na tabia hujengwa kwa muda. Wazee wetu waliijenga kwa vitendawili jioni na kwa mchezo wa bao barazani. Darasani yaweza kujengwa kwa dakika kumi za chemsha bongo kila wiki, mradi mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Kadhalika mwanafunzi awe na daftari la makosa, aandike si jibu sahihi tu bali kilichompotosha. Mazoezi mia yasiyosahihishwa namna hii ni jasho la bure.

Yako pia mambo ya kiufundi ambayo ni dhuluma mtahiniwa kuyajulia ndani ya chumba cha mtihani. Tangu mwaka wa 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani wanaufanya mtihani huu kwa tarakilishi. Kila somo lina sehemu mbili, na ugumu wa ya pili hutegemea ulivyofanya katika ya kwanza. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo kuacha pengo ni upumbavu.

Wapo watakaosema mtihani huu ni wa matajiri na heri ufutwe. Vyuo vingi viliacha kuudai mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona. Hata hivyo MIT iliurejesha mwaka wa 2022, na Dartmouth, Yale na Harvard zikatangaza kuurejesha mwaka wa 2024. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba alama huwasaidia kumtambua mwanafunzi hodari kutoka shule wasiyoijua. Kwa Mkenya wa shule ya kutwa ya mashambani, hoja hiyo ina uzito, lakini ikiwa tu habari na mazoezi vitamfikia. Kwa sasa vinawafikia kwanza wale wa shule za kifahari jijini Nairobi, ambao wazazi wao wangeweza kulipa karo.

Mazoezi ya bure yapo, hata ya kuchapishwa karatasini, na nakala moja iliyochapishwa na mwalimu yaweza kulitosha darasa muhula mzima. Zipo shule zenye tarakilishi zilizofungiwa chumbani kwa kuhofia wezi na wanafunzi kwa pamoja. Isitoshe, vyuo vingi hufunga kupokea maombi mapema Januari, majuma machache tu baada ya KCSE kumalizika. Anayengojea gredi zitangazwe ndipo aulize habari za SAT amekwisha kuchelewa mwaka mzima. Kidato cha tatu ndicho kidato cha kuanza.