Kubadhi si kandambili, bwana!

Wiki hii tuachane na raba na mitumba, tuzungumzie makubadhi, yale ya ngozi yanayoshonwa kwa mkono. Vijana tunayavalia kanzu, tunayavalia hata jinzi, na ukipatia unatoka bomba kweli. Tatizo ni moja tu: kuyavaa tunajua, kuyatunza hatujui. Mimi mwenyewe nimo, ndiyo maana nawasimulia.

Babu yangu ni fundi wa makubadhi huko Tanga. Mwaka juzi alinishonea jozi moja, akaniambia, "Mjukuu wangu, hii ndiyo ya mwisho. Tundu la sindano silioni tena." Nikaitikia tu, "Ahsante, babu." Akili yangu yote ilikuwa kwenye harusi ya mshikaji wangu Jumamosi.

Ijumaa mvua ikanikuta Kariakoo, tope mpaka vifundoni. Kufika geto nikayaloweka kwenye ndoo ya sabuni ya unga, nikayasugua kwa brashi, nikayatupa juu ya bati. Jumamosi jua likawaka kisawasawa. Saa nane mchana nayateremsha, yamejikunja, makavu kama kaukau! Nikalazimisha hivyo hivyo. Usiku ukumbini, naenda zangu kutuza, mkanda paa! Nikatuza mguu mmoja peku, watu hawana mbavu.

Kosa liko wapi? Ngozi mbichi hutiwa dawa isioze, kama ile inayotokana na magome ya miwati inayolimwa Njombe, kisha hutiwa mafuta iwe laini. Sabuni kali inayaondoa mafuta hayo, halafu jua na moto vinamalizia kazi. Ngozi ikikauka ghafla inasinyaa, inakakamaa, inapasuka. Basi shika haya:

KUNUNUA: Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi. Ya bandia mara nyingi utaona kitambaa kimebandikwa plastiki juu. Chagua yanayobana kidogo, maana mikanda hulegea yenyewe. Siku za mwanzo yavae nyumbani muda mfupi mfupi, usije ukaota malengelenge.

YAKILOWA: Futa tope kwa kitambaa chenye maji kidogo, usiloweke. Chomeka karatasi chini ya mikanda isipoteze umbo (hata gazeti hili, ukishalisoma lote!), kisha yaweke kivulini penye upepo, hata kama itachukua siku mbili. Umetoka nayo Coco Beach? Yafute kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikibaki inakakamaza ngozi. Na nyie dada zangu wa makubadhi ya Kimasai, shanga msizipige brashi, uzi utakatika.

YAKIKAUKA: Paka nta ya nyuki au mafuta ya mbarika, kidogo tu, kwa kitambaa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu mafuta hukoleza rangi. Mafuta ya kupikia waachie wapishi. Yanachacha, na lawama ya harufu itaiendea miguu yako bure. Usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki pia. Kwa joto na unyevu wa Dar, utayakuta yameota ukungu.

Mimi nilirudi Tanga na aibu yangu mkononi. Babu hakufoka. Aliyapapasa, akacheka, akasema, "Nimekushonea ngozi, wewe umeifua kama soksi." Tukayapaka mafuta kidogo kidogo kwa siku mbili mpaka yakalegea. Ngozi ilipopasuka haikuungana, ufa upo hadi leo. Mkanda mpya nikaushona mimi, yeye akipitisha vidole kwenye kila tundu na kuniambia, "Fumua, rudia." Nimefumua mara nne.

Mshono wangu umepinda kama barabara ya kwenda Lushoto. Lakini sasa kila nikienda Tanga ananipa kipande cha ngozi na sindano, nishone mbele yake. Kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye ufundi wake, usisubiri kiatu kikatike ndipo umfuate.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.