Tanzia Isiyoletwa na Wafiwa

Katika desturi zetu, za pwani na za bara, tanzia huletwa na wafiwa. Wao ndio wamtumao mjumbe. Naye hutaja jina la marehemu, hutaja saa aliyokata roho, hutaja na mahali pa maziko. Hata matangazo ya vifo yasomwayo redioni hupelekwa na jamaa, na ndiyo sababu huorodhesha majina ya ndugu na miji waliko. Hajapata kuonekana mpita njia akitangaza kifo cha mtu kwa kuwa tu alipita mlangoni pake adhuhuri akakuta pamenyamaza. Twaanza na desturi hii kwa sababu katika makala haya tumekusudia kuwashitaki waandishi wa habari wa Marekani na Ulaya, ambao kati ya mwaka 2007 na 2010 waliandika tanzia ya mji ambao wenyeji wake hawakutuma mjumbe yeyote.

Mji wenyewe hauna udongo wala chokaa. Umo ndani ya mitambo ya kompyuta, na jina lake ni Second Life, yaani Maisha ya Pili. Uliundwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, iliyoasisiwa na Philip Rosedale mwaka 1999, ukafunguliwa kwa watu wote tarehe 23 Juni 2003. Mwenye kutaka kuingia hujichagulia jina na umbo la kuchorwa, na umbo hilo likawa ndilo mwili wake huko. Kwa mwili huo hutembea, huruka angani, huzungumza na watu walio mbali naye maelfu ya maili, hujenga nyumba, hubuni mavazi, huuza na kununua kwa sarafu iitwayo dola ya Linden, ambayo hubadilishwa kwa dola halisi za Marekani. Wengi hudhani kuwa ni mchezo. Lakini mchezo una mshindi na mshinde, na humo hapana filimbi ya mwisho. Tena karibu kila kionekanacho, kuanzia majumba mpaka viatu, kimetengenezwa na wakazi wenyewe, na mnamo Novemba 2003 kampuni ilikubali kwamba haki ya kazi hizo ni ya waliozibuni. Msomaji na alishike jambo hili, maana waandishi tunaowalaumu hawakulishika.

Sifa zilifurika mwaka 2006. Mwezi Mei gazeti la Business Week liliweka katika jalada lake picha ya Anshe Chung, mkazi aliyejipatia utajiri kwa kununua na kupangisha viwanja vya mji huo. Mwezi Juni kampuni ya mavazi ya American Apparel ilifungua duka. Kampuni ya Starwood ikajenga hoteli ya mfano, jina lake Aloft, ambayo hapana mgeni angeweza kupata usingizi ndani yake. Mwezi Oktoba shirika la Reuters lilifungua humo ofisi ya habari, likampeleka mwandishi wake akiwa katika mwili wa kuchorwa. Mei 2007 Maldivi, na baada yake Uswidi, zikafungua balozi. Mwezi mmoja kabla ya balozi hizo, kampuni ya washauri iitwayo Gartner ilikuwa imetabiri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2011, watu 80 katika kila 100 watumiao intaneti kwa dhati watakuwa na maisha ya pili katika ulimwengu wa namna hii. Utabiri huo twauacha kama ulivyo. Wafundishao hesabu wautumie darasani wapendavyo.

Ndani ya sifa hizo palikuwa na hesabu, na hesabu hiyo ndiyo shina la ubaya wote. Kampuni ilitangaza idadi ya “wakazi”, ambao Oktoba 2006 walitimia 1,000,000, na kabla mwaka haujaisha wakafika 2,000,000. Mwalimu yeyote ajua tofauti ya daftari la uandikishaji na daftari la mahudhurio. Sisi nasi, tuliotumia ujana wetu katika ofisi za serikali tukipanga majalada, tumeona majina yaliyoandikwa mara moja yakaishi katika orodha miaka kumi baada ya wenyewe kuhama. “Mkazi” wa hesabu ile alikuwa ni yeyote aliyejiandikisha, hata kama alichungulia kwa dakika chache akaondoka asirudi tena. Na mtu mmoja aliweza kuwa wakazi wawili au watatu. Desemba 2006 mwandishi Mmarekani Clay Shirky aliyaeleza haya kwa uwazi, akawashutumu waandishi kwa kuinakili idadi hiyo pasipo kuichunguza. Wachache walimsikiliza. Kunakili kulikuwa rahisi zaidi.

Kisha upepo ukageuka. Julai 2007 jarida la Wired lilitoa makala yaliyosema kwamba kampuni kubwa zinatupa mamilioni ya dola katika mji uliohamwa. Mwaka huo huo American Apparel ilifunga duka, na hoteli ya Aloft ikafungwa. Magazeti mengine yakafuata. Waandishi walipita katika maduka ya kampuni, wakakuta hapana mtu, wakarudi kuandika kwamba watu hawapo.

Hebu tulipime jambo hili kwa mfano wa nyumbani. Mgeni anataka kujua kama Kariakoo ina watu. Asiingie sokoni, asisimame penye mabasi, asiulize bei ya nazi. Aende moja kwa moja katika chumba cha maonyesho cha kampuni ya kigeni, akute viti vitupu na mlinzi anasinzia. Je, ana haki ya kuandika kwamba Dar es Salaam imehamwa? Wakazi wa Second Life hawakwenda katika maduka yale kwa kuwa hawakuwa na haja nayo. Walikuwa na mafundi wao wenyewe, waliojua mwili wa kuchorwa unavyokaa katika vazi. Walikuwa katika ngoma zao, katika madarasa yao, katika nyumba zao za usiku, na kwenye visiwa ambavyo mwandishi hakualikwa. Kampuni ziliingia mji wa watu bila kubisha hodi, zikafungua maduka ya vitu ambavyo hakuna aliyeviomba, nazo ziliposhindwa, aliyeandikiwa tanzia ni mji.

Sasa zitazamwe tarakimu za baada ya maziko. Mwanzoni mwa mwaka 2009, karibu miaka miwili baada ya tanzia ya kwanza, watu waliokuwamo katika mji huo kwa wakati mmoja walipindukia 80,000, idadi ambayo haikupata kufikiwa katika siku za sifa. Biashara iliyofanywa baina ya wakazi wenyewe kwa mwaka huo wa 2009 ilihesabiwa na kampuni kuwa dola za Marekani 567,000,000. Ofisi ya Reuters ilikuwa imekwisha kufungwa kabla ya mwaka huo kuanza. Mwezi Novemba 2009 ndipo BBC nayo ilipouliza, katika kichwa cha habari, Second Life imepatwa na nini. Jibu ni kwamba lililoipata ni kuachwa na BBC na wenzake. Kilichofifia ni hamu ya magazeti, nao waliokuwa wamechoka wakaandika kwamba aliyetazamwa ndiye mgonjwa.

Ubaya wa tanzia ya uongo ni kwamba baada yake hakuna anayeuliza hali ya mgonjwa. Mambo mazito yaliwafika wakazi katika miaka ile, na yalistahili wino. Agosti 2007 ilianguka benki ya humo iitwayo Ginko, iliyokuwa imewaahidi watu riba ya kupita kiasi, ikaondoka na akiba zao. Januari 2008 kampuni ikapiga marufuku benki zisizo na kibali cha serikali za duniani. Oktoba 2008 kampuni ilitangaza kupandisha kodi ya aina fulani ya viwanja kutoka dola 75 hadi 125 kwa mwezi, na wakazi wakaandamana kwa miili yao ya kuchorwa. Oktoba 2010 ikatangaza kwamba nafuu ya nusu ya bei waliyokuwa wakipewa walimu na vyama visivyotafuta faida itaondolewa kuanzia mwaka 2011. Vyuo vingi vilivyokuwa vimejenga madarasa humo vikafunga virago, na nafuu hiyo iliporudishwa mwaka 2013 wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Hizi ni habari za kodi, akiba na shule, yaani habari za mji wowote. Katika magazeti makubwa hazikupata hata robo ya nafasi iliyopewa duka la fulana.

Na wakazi ni nani? Wamo watu wenye ulemavu waliojikusanya katika kisiwa kiitwacho Virtual Ability, ambako asiyeweza kuinuka kitandani hucheza ngoma na wenzake. Wamo wanaofanya kila mwaka, tangu 2005, matembezi ya kuchangia chama cha Marekani cha kupambana na saratani, na fedha zitokanazo na matembezi hayo ni fedha halisi. Wamo pia wavivu, walaghai na wazinzi, kama ilivyo katika kila mji tuujuao. Mtaalamu wa mila za watu Tom Boellstorff alikaa miaka miwili akiwachunguza kwa njia zile zile zitumiwazo vijijini, akatoa kitabu mwaka 2008. Miaka miwili! Mwandishi wa gazeti alitumia alasiri moja.

Wapo watakaotupinga, wakisema kwamba mji huo ulififia kweli. Hatukatai. Juni 2010 Linden Lab iliwaachisha kazi watu 30 katika kila 100 wa wafanyakazi wake, na idadi ya waingiao haikurudi tena pale ilipokuwa mwaka 2009. Watu walihamia Facebook. Simu za mkononi zilienea, ilhali mji huu ulidai kompyuta yenye nguvu na mtu wa kuketi mbele yake. Na kodi zilizopandishwa ziliwakimbiza wajenzi. Lakini kufifia huko kulikuja baadaye, kulikuja polepole, na kulikuwa na sababu ambazo mtu angeweza kuzichunguza. Tanzia za 2007 hazikuziona sababu hizo, kwa kuwa nyingi hazikuwa zimetokea. Mtu akitangaza leo kwamba jirani yake amekufa, na jirani akafa baada ya miaka mitatu, hatumwiti mtangazaji huyo mkweli.

Huenda mwanafunzi akauliza, mji wa Wamarekani ndani ya kompyuta wahusu nini utamaduni wetu? Wahusu, kwa sababu habari hizi hutufikia kupitia mashirika yale yale ambayo kizazi chetu kiliyalalamikia. Tanzania ilianzisha SHIHATA mwaka 1976 ili ipate kujisemea yenyewe. UNESCO, ikiongozwa na M'Bow wa Senegali, iliunda tume chini ya Sean MacBride, nayo ikatoa ripoti mwaka 1980 kuhusu habari zinazotiririka upande mmoja tu. Wakati ule tulisema kwamba nchi zetu huonekana duniani siku ya njaa na siku ya mapinduzi, kisha hutoweka. Na tulidhani sababu ni dharau juu ya maskini peke yake. Mkasa wa Second Life watuonyesha kwamba ugonjwa ni mpana zaidi. Hapa waliozikwa hai ni watu wenye kompyuta na fedha, wengi wao wakiwa wa nchi ile ile ya wazishi. Gazeti huamini kwamba kitu kipo pale kinapotazamwa na gazeti.

Bi Kidude wa Zanzibar alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na magazeti ya Ulaya yakaanza kumwandika kwa wingi, alikuwa bibi kizee aliyekwisha kuimba katika taarab na unyago kwa miongo mingi. Hakungoja kuandikwa ndipo awepo. Walimu wa lugha wanaosoma magazeti pamoja na wanafunzi wao wangeweza kuliweka swali hili juu ya kila habari ya kuinuka na kuanguka: nani ameihesabu idadi hii, alisimama wapi alipohesabu, na wenyeji wamesema nini? Katika tanzia nyingi za 2007 swali la tatu halina jibu.

Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilijibadili jina ikawa Meta, ikatangaza kwamba mustakabali wa watu u katika malimwengu ya namna hii, waliyoyaita metaverse. Sifa zikafurika upya, kana kwamba hapakuwa na 2006. Baadhi ya waandishi wakaenda kuutazama mji wa Second Life wakastaajabu kuukuta na watu, na Januari 2022 Rosedale mwenyewe akarudi kuwa mshauri wa kampuni aliyoiasisi. Mei 2023 gazeti la Business Insider likachapisha tanzia ya metaverse nzima. Mwezi uliofuata wakazi wa Second Life walijenga majukwaa, wakapiga muziki, wakasherehekea miaka 20 ya mji wao.